Mkongwe Akirudia Vibao Vyake, Anayedanganya ni Nani?

Tarehe 30 Mei 2025 Taylor Swift alitangaza kwamba amezinunua rekodi za albamu zake sita za mwanzo kutoka kampuni ya uwekezaji ya Shamrock Capital. Habari ikazunguka dunia, na wachambuzi wengi, wa huku kwetu wakiwemo, wakaisimulia kama ushindi wa nyota ambaye awali alikuwa ameziimba upya baadhi ya albamu hizo, na hivyo kubuni njia mpya: kampuni ikikunyima nyimbo zako, ingia studio, ziimbe upya, uze mwenyewe. Kwa maoni yangu habari hiyo imesomwa nusu. Njia hiyo ilifunguliwa zaidi ya miaka sitini iliyopita, na baadhi ya waliotangulia kuipita walikuwa waimbaji wa kantri wa Nashville, mji ule ule alikoanzia Swift. Nyayo zao zimebaki mahali ambapo mchambuzi hatazami: kwenye CD za bei ya kutupa, zile zinazorundikwa karibu na kaunta, zenye jina la aina ya "Vibao 20 Bora" na picha ya mzee mwenye kofia pana. Watu huzicheka CD hizo. Wapenzi wa muziki wakubwa huziita takataka, na akigundua kwamba mzee amerudia nyimbo zake kwa sauti ya uzeeni, mnunuzi husema ameibiwa. Nadai kinyume chake. Mzee yule anastahili heshima ile ile aliyopewa Swift, na pale udanganyifu ulipo kweli, mara nyingi mkono uliouweka ni wa mtu mwingine.

Ili tuelewane, lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo msikilizaji huviona kuwa kimoja. Wimbo una mwenyewe, na rekodi ya wimbo ina mwenyewe. Ule wimbo wa mcheza kamari uliomtambulisha Kenny Rogers hadi vijiji vya Afrika Mashariki mwaka 1978 uliandikwa na Don Schlitz. Rogers aliuimba tu. Wimbo wake wa 1980 uliotamba hata nje ya kantri, uliandikwa na Lionel Richie. Kwa hiyo kila nakala inapouzwa, mtunzi ana fungu lake linalolindwa na sheria. Marekani, tangu sheria ya 1909, mtu yeyote anaweza kuurekodi wimbo ambao umeshatoka ilimradi amlipe mtunzi kiwango kilichowekwa; mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa senti 12.7 kwa nakala. Na nyimbo zikipigwa redioni, stesheni za kawaida za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji halipwi hata senti. Hilo huwashangaza watu wengi, lakini ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwimbaji asiyetunga, kama walivyokuwa kwa sehemu kubwa Rogers, Jim Reeves na Patsy Cline, amebakiwa na kitu kimoja cha kuuza baada ya kushuka jukwaani, nacho ni rekodi. Na rekodi hiyo si yake.

Si yake kwa sababu mkataba wa kawaida uliimilikisha kampuni kanda asilia, ile wanamuziki wanayoiita masta. Kampuni ilitoa malipo ya awali na kugharamia studio, kisha ikajilipa gharama hizo kutoka kwenye mrabaha wa mwimbaji, yaani fungu lake la mauzo. Mwimbaji alikuwa kama mtu anayelipa mkopo wa nyumba mpaka shilingi ya mwisho, halafu hati ya nyumba ikabaki kwa mkopeshaji. Zaidi ya hapo, mikataba mingi ilisema kwamba rekodi ikitolewa kwenye lebo ya bei nafuu, mrabaha unapungua, mara nyingi hadi nusu, na nakala zilizobaki ghalani zikiuzwa kwa bei ya kumaliza akiba, mwimbaji hapati chochote. Ukiishika CD ya mkongwe iliyouzwa kwa bei ya soda, kumbuka hesabu hiyo. Bei iliposhuka, fungu lake nalo lilichongwa.

Biashara yenyewe ya bei nafuu ina historia ndefu kuliko CD. Kampuni ya rekodi ya RCA ilikuwa na lebo yake ya Camden tangu miaka ya 1950, na sauti ya Jim Reeves ilitolewa tena na tena humo, hata baada ya ajali ya ndege iliyomuua tarehe 31 Julai 1964. Philip Kives wa Winnipeg, Kanada, mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya jikoni kwa matangazo ya televisheni, alitoa mkusanyiko wa kwanza wa kampuni yake ya K-tel mwaka 1966, nao ulikuwa wa kantri: nyimbo 25 katika santuri moja. Kampuni ile ilijulikana baadaye kwa ahadi kwamba vibao ni vile vile vya mwanzo na waimbaji ni wale wale wa mwanzo. Ahadi hiyo inatueleza mengi. Hakuna muuza asali anayeandika kwenye chupa kwamba asali yake ni ya nyuki, mpaka sokoni kuwe na watu wanaouza sukari guru iliyochemshwa. Kulikuwa na santuri nyingi za bei ya chini ambamo vijana wa studio wasio na jina waliiga vibao vya wenye majina, na jalada likaandikwa kwa ujanja ili jina kubwa lionekane na neno dogo lisionekane.

Katikati ya soko hilo ndipo wenye nyimbo walipoanza kujiiga wenyewe, kila mmoja kwa sababu yake. Patsy Cline alisaini na kampuni ya 4 Star mwaka 1954, mkataba uliombana kuimba nyimbo ambazo kampuni hiyo ilikuwa na haki zake. Alirekodi nyimbo 51 chini yao, akapata kibao kikubwa kimoja mwaka 1957, na fedha alizopata zilikuwa kidogo mno. Baada ya kuhamia kampuni ya Decca, mwaka 1961 prodyuza Owen Bradley alimrudisha studio kukiimba upya kibao kile kwa ajili ya albamu. Ndugu wawili wa Everly walifanya hivyo mwaka 1964: walikuwa wamehama kutoka lebo ya Cadence kwenda Warner, wakarekodi upya nyimbo zilizowapa jina. Kenny Rogers mwaka 1977 alitoa mkusanyiko wa miaka yake kumi, na vibao alivyoimba na kundi la The First Edition, ambavyo masta zake zilikuwa kwa kampuni ya Reprise, akaviimba upya kwa kampuni ya United Artists. Ulifika namba moja kwenye chati ya albamu za kantri. Waliounua walijua wanampenda Kenny. Sidhani wengi walisimama kujiuliza kanda ya nani imetumika.

Kisa cha Johnny Cash ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu ndani yake unaona mtu akishindana na ujana wake mwenyewe. Alianza na Sun Records ya Memphis mwaka 1955, akaondoka 1958 kwenda Columbia. Mwaka 1969, alipokuwa kileleni, akiwa na kipindi chake cha televisheni na albamu aliyorekodi ndani ya gereza la San Quentin, Sam Phillips aliiuza Sun kwa Shelby Singleton. Singleton akafungua ghala, akaanza kumwaga mikusanyiko ya nyimbo za zamani za Cash sokoni. Mnunuzi aliyeingia dukani akitaka Johnny Cash alikutana na Cash wawili kwenye rafu moja, na mmoja wao hakuwa na udhibiti wowote juu ya mwenzake. Miaka 17 baadaye, mwaka 1986, Columbia nayo ikamwacha, baada ya miaka 28. Kanda za Sun kwa mmoja, kanda za Columbia kwa mwingine, naye mikono mitupu. Mwaka 1988, akiwa na lebo ya Mercury, aliingia studio akarekodi upya nyimbo 20 za maisha yake. Wahakiki hawakuipenda sana albamu ile. Lakini ukiisoma kwa jicho la mtu aliyefukuzwa kazi uzeeni na kuambiwa aache zana zote alizozitengeneza kwa mikono yake, unaisikiliza kwa sikio jingine. Merle Haggard alifanya vivyo hivyo mwaka 1999, akiwa na miaka 62: vibao 43 alivyoviimba upya.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana wana hoja, na mbili kati ya hizo ni nzito.

Ya kwanza ni ya mnunuzi. Anasema: nilitaka sauti ile niliyoisikia redioni nikiwa mtoto, nimelipa, nikapewa nyingine bila kuambiwa. Mimi mwenyewe yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua CD ya namna hiyo, nikaipiga nyumbani siku ya Jumapili, na mama akauliza kutoka jikoni kama yule mwimbaji anaumwa. Kwenye jalada la nyuma, chini kabisa, kwa herufi ambazo mama asingeweza kuzisoma hata akivaa miwani, iliandikwa kwamba baadhi ya nyimbo zimerekodiwa upya na msanii mwenyewe. Hapo malalamiko ya mnunuzi yana haki kamili. Ila tumuulize nani aliyepanga ukubwa wa herufi. Mwimbaji hachori jalada la mkusanyiko wa bei nafuu. Mara nyingi anauza ruhusa kwa kampuni moja, nayo inaikodisha kwa nyingine, na ya tatu inachapa. Picha ya ujanani juu ya sauti ya uzeeni ni uamuzi wa mfanyabiashara aliyejua kwamba ukweli ungempunguzia wateja. Swift alipoandika jina lake kwenye kichwa cha kila albamu aliyoirudia kati ya 2021 na 2023, ili isichanganywe na ile ya zamani, alionyesha kwamba ukweli huo huo ukiandikwa kwa herufi kubwa unaweza kuwa sababu ya watu kununua. Hilo ndilo jipya alilolileta, na ninampa sifa yake.

Hoja ya pili ni ya sanaa, na hii siwezi kuivunja, wala sitajaribu. Rekodi ya kwanza ni tukio. Mwaka 1956 Cash alipitisha kipande cha karatasi kwenye nyuzi za gitaa lake ili litoe mkwaruzo unaofanana na ngoma ndogo, kwa kuwa hawakuwa na mpiga ngoma. Luther Perkins alikuwa pembeni yake na gitaa la umeme, akipiga noti moja moja kama mtu anayehesabu hatua gizani. Perkins alifariki mwaka 1968. Hakuna studio ya 1988 ambayo ingemrudisha, na hakuna prodyuza anayeweza kumrudishia mzee wa miaka 56 woga wa kijana ambaye bado hajui kama wimbo utapendwa. Anayesema rekodi ya mwanzo ina kitu kisichorudiwa amesema kweli. Lakini haifuati kwamba ile ya pili ni bandia. Bibi anayesimulia hadithi ile ile kwa wajukuu haisimulii kama alivyowasimulia wanawe. Kuna mahali ameongeza kimya. Haggard wa 1999 anaimba kuhusu jela na majuto kwa sauti iliyopata muda wa kuyafikiria. Unaweza kuipenda zaidi ile ya kijana, kama mimi, na bado ukakiri kwamba hii pia ni yake.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayotajwa mara nyingi: kwamba mwimbaji alisaini kwa hiari, akalipwa, basi anyamaze. Kwanza, hiari ya kijana wa miaka 20 na kitu kutoka shambani au kiwandani, anayewekewa mbele karatasi ambayo ni lango pekee la kuingilia, haifanani na hiari ya kampuni yenye mawakili. Pili, na hili ni zito zaidi, kuimba upya ni kutimiza mkataba, si kuuvunja. Mikataba yenyewe ilikuwa na kifungu kinachomzuia mwimbaji kurudia wimbo kwa kipindi fulani, kwa kawaida miaka mitano tangu wimbo ulipokabidhiwa au miwili tangu mkataba ulipokwisha, lolote litakalochelewa. Maana yake ni kwamba kampuni zilijua, zikakubali, zikaandika, kwamba baada ya hapo yuko huru. Anayemlaumu Rogers au Cash kwa kuutumia uhuru ulioandikwa kwenye mkataba, kisha akatetea utakatifu wa mkataba huo huo, hajausoma wote. Tatu, wale wanaosema sheria imeshawapa wasanii njia nyingine wanasahau tarehe. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inamruhusu msanii kudai haki zake zirudi baada ya miaka 35, lakini ni kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1978, na hata hiyo kampuni zimekuwa zikiipinga mahakamani kwa kudai kwamba mwimbaji alikuwa kama mfanyakazi wa kuajiriwa. Wazee wengi wa kantri walisaini kabla ya hapo.

Kuna CD za aina nyingine kwenye rundo lile lile, na hizi ndizo ningependa hasira ya mnunuzi izielekee. Ulaya, hakimiliki ya rekodi ilikuwa miaka 50 mpaka ilipoongezwa hadi 70 mwaka 2013, na nyongeza hiyo haikuzifufua zile zilizokuwa zimeshatoka kwenye ulinzi. Kwa hiyo rekodi zilizotolewa kabla ya 1963, za Cash wa Sun, za Patsy Cline karibu zote, za Jim Reeves wa mwanzo, ziko wazi huko kwa yeyote mwenye mashine ya kuchapa CD. Sauti ni ya asili kabisa, picha ni ya ujanani kabisa, na mnunuzi anaridhika. Warithi wa mwimbaji hawana haki ya kudai chochote kwenye rekodi hizo. Tazama basi jinsi mizani yetu ilivyopinda: CD ambayo mzee mwenyewe aliingia studio na huenda akalipwa tunaiita ya uongo, na ile ambayo jamaa zake hawakuonja tunaiita halisi. Kisheria hakuna kosa hapo. Lakini kama neno "halisi" lina uzito wowote, lisihesabu sauti peke yake likamwacha mwenye koo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alirekodi katika nchi ya Wakipsigis, Bonde la Ufa, wasichana wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilifika huko na kupigwa kwenye gramafoni mpaka sauti ikawa na hadithi zake yenyewe. Mwimbaji alifika mpaka Kapkatet bila mwili na bila mrabaha. Ilikuwa hivyo tena kwa kanda za Jim Reeves, Don Williams, Dolly Parton na Kenny Rogers, kanda za kudurufiwa zilizopigwa kwenye mabasi na kwenye maombolezo, na ndizo zilizofanya kantri iwe na wapenzi wa kudumu Kenya hata ikapata waimbaji wake, kama Elvis Otieno anayejulikana kwa jina la Sir Elvis. Bei nafuu ndiyo iliyotufikishia muziki huu. Sitaitukana. Kwa wengi wetu mkusanyiko wa vibao ndio uliokuwa albamu. Hatukujua kwamba nyimbo zile zilitoka kwenye santuri kumi tofauti.

Na ndiyo sababu nasema habari ya Swift imesomwa nusu, kwani nusu iliyobaki inawahusu vijana ambao hawatakuwa Swift. Kampuni zimejifunza. Mwaka 2023 iliripotiwa Marekani kwamba kampuni kubwa zilianza kudai katika mikataba mipya kifungu cha kutorudia wimbo kwa miaka 10, 15, hata 30. Kijana wa miaka 22 akisaini kifungu cha miaka 30, ataruhusiwa kukiimba upya kibao chake akiwa na miaka zaidi ya 50, umri ule aliokuwa nao Cash alipobaki mikono mitupu. Kampuni hizo hizo kubwa zinafanya kazi Nairobi, Dar es Salaam na Lagos, na zinasaini vijana wetu. Mazungumzo yetu juu ya mikataba hiyo huishia kwenye malipo ya awali na gari kwenye video. Mwanasheria wa msanii wa Bongo Fleva au wa Gengetone anayesoma rasimu leo aanzie kwenye kifungu cha kurudia, kabla hajafika kwenye asilimia, kwa sababu asilimia zinaweza kujadiliwa upya wimbo ukishika, na kifungu kile ndicho kinachompa msanii cha kujadilia.

Kwa mnunuzi, dawa ni ndogo na iko mkononi. Geuza CD, au shuka chini kabisa ya ukurasa wa albamu kwenye programu ya kusikilizia muziki. Tafuta herufi P ndani ya duara, na mwaka ulio mbele yake. Mwaka huo unahusu rekodi, haumhusu mtunzi. Ukiona kibao cha 1977 kina mwaka 1977 au jina la kampuni kubwa, huenda umeshika kanda asilia. Ukiona kibao hicho hicho kina mwaka wa miaka 20 baadaye, huenda mzee amerudi studio, na jina lililo mbele ya mwaka ndilo linalokuambia nani analipwa. Wakati mwingine ni jina la mchapaji usiyemjua. Wakati mwingine ni kampuni ndogo ya mwimbaji mwenyewe, na hiyo mimi huinunua.